Shavu la Papa Athanase

Jumapili ile Athanase aliingia kanisani na ua shavuni. Lilikuwa ua la petali sita, na jani moja limechungulia upande wa sikio, na lote lilikuwa limebonyea ndani ya ngozi kama chapa iliyopigwa kwenye unga uliokandwa. Mwenyewe hakuwa na habari. Alipita katikati ya viti akisalimia kulia na kushoto, na kila aliyempa mkono alimtazama shavu kwanza, kisha akainamisha kichwa upesi kama mtu aliyekumbuka kusali.

Usidhani lilikuwa jambo geni ukumbini humo. Safu ya nyuma alikaa Djo, dereva wa gari la kupeleka vifurushi, na kwenye paji lake la uso palikuwa na tausi mzima, mkia na vyote. Kando yake jamaa mmoja wa Goma alikuwa na matundu madogo madogo kuanzia sikioni hadi kidevuni, utadhani amevuliwa kwa wavu. Wote watatu walikuwa watu wazima, wenye kazi na suti.

Ili uielewe aibu yao, lazima uyajue makochi ya Erdington. Sisemi ya Waingereza. Nasema ya akina mama wa kanisa hili, waliotoka Bukavu, Uvira na Goma, wakapitia kambi hii na ile hadi wakafika Birmingham. Kwao kochi halikai uchi. Mgongoni lina kitambaa, mikononi lina vitambaa, televisheni ina chake na mikrowevu ina chake. Kila kimoja kimedariziwa maua, ndege, misalaba na maneno ya kumtukuza Mungu, halafu kimepigwa wanga wa muhogo mpaka ukikisimamisha kinasimama. Na havitolewi. Awe mgeni, awe mgonjwa, awe mume, atakayejilaza kwenye kochi atajilaza juu ya vitambaa, na asubuhi uso wake utatangaza alikolala.

"Papa Athanase, pole," Djo alimnong'oneza.

"Pole ya nini?"

"Uko na ua."

Athanase alijipapasa shavu, akazihisi petali. "Na wewe uko na ndege," akasema, na wote wawili wakafungua vitabu vya nyimbo.

*

Chanzo cha yote kilikuwa viti, na aliyevitaka viti hivyo alikuwa jirani. Sukhdev Singh alizaliwa Kisumu, akawa fundi seremala huko na baadaye hapa, na sasa amestaafu lakini macho yake hayajastaafu. Alisikia kwamba katika jumba moja la zamani kule Moseley kuna maonyesho ya vitu vya Washeka, watu wa dini wa Amerika ya zamani, walioitwa hivyo kwa sababu Roho akiwashukia walitikisika mwili mzima. Viti vyao, aliambiwa, havina mfano. Mkewe Nilam alisema hawezi kushinda mchana kutwa na mwanamume anayezungumza na viti. Basi akamchukua Orpha, mke wa Athanase, waende pamoja.

Sukhdev alipofika alipiga magoti, akaingiza kichwa chini ya kiti cha kwanza, na hapo ndipo mlinzi alipoanza kumfuata. Wanawake wakajipenyeza chumba cha pili. Huko hakukuwa na viti. Kulikuwa na picha za wino na rangi ya maji: miti yenye matunda mekundu, njiwa, tarumbeta ndogo ndogo, meza iliyoandaliwa, jua lenye uso. Kulikuwa na mioyo ya karatasi iliyokatwa kwa mkasi na kujazwa maandishi membamba mbele na nyuma. Picha moja ilikuwa na herufi ambazo si za lugha yoyote ya duniani.

Nilam alivaa miwani akasoma kibandiko cha ukutani. "Wanasema hawa wanawake hawakujiita wachoraji. Walikuwa wanaomba, wanaonyeshwa kitu, ndio wanachora. Halafu wanampatia mtu. Ni zawadi kutoka mbinguni, kila mtu na yake. Na yule mama aliyeanzisha hii dini alitoka Manchester. Alisumbuliwa, akavuka bahari na watu wachache tu."

"Alikimbia?"

"Alikimbia."

"Kama sisi," Orpha alisema. Kisha sauti ikampanda. "Na hii kazi ni kama bitambaa yetu! Mama Nilam, hii minafanyaka mimi! Minaomba, minaona, minashona!"

"Mimi nilidhani unavinunua," Nilam akasema, akaona haya.

Orpha alisimama mbele ya njiwa mmoja aliyewekwa nyuma ya kioo na kuwashiwa taa yake peke yake. Nyumbani anaye njiwa kama huyo, tena wake ana macho mazuri zaidi, na mumewe huweka juu yake kikombe cha chai. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa ncha ya kilemba, akacheka, kisha yakamtoka tena. Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa, lakini kwake vilikuwa vikikaliwa tu, na hakuna aliyewahi kumuuliza nani kaviunda.

"Na hapa wanasema," Nilam akaendelea, "wanaume na wanawake waliishi kama ndugu. Hakuna kulala pamoja. Hata ngazi za nyumba zilikuwa mbili, wanaume wanapanda yao, wanawake yao." Baadaye aliapa kwamba alisoma hayo kupoteza muda tu, wakimngoja Sukhdev atolewe ndani ya kabati.

Orpha alimtazama tena yule njiwa. "Njo maana balipata nafasi ya kuchora," akasema.

*

"Lakini ngazi iko moja," Athanase alisema jioni hiyo, akiionyesha kwa mkono mzima. Ilikuwa ngazi nyembamba yenye zulia lililochakaa, na kweli ilikuwa moja.

"Njo maana wewe utabaki chini."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nimalize zawadi. Minaonyeshwa mingi, Papa Immaculée. Batu ya kanisa, kila mutu iko na yake. Na sina meza. Upande yako ya kitanda nitaweka makaratasi."

Athanase alifikiri ni mzaha hadi alipouona mto wake ukishuka ngazi peke yake, ukidunda kona kwa kona. Yeye kazi yake ni kusukuma vitanda katika hospitali moja kule Edgbaston. Kutwa anapeleka watu vitandani, halafu anapanda treni kurudi Erdington, kwenye nyumba ambamo yeye hana kitanda. Alilifikiria hilo akiwa ndani ya treni na wala halikumchekesha.

Mswaki wake ulihamishiwa kwenye choo kidogo cha chini ya ngazi, ambacho hakina hata kioo. Akawa ananyoa ndevu kwa kupapasa. Binti yao Immaculée, anayesikia Kiswahili chote lakini anajibu kwa Kiingereza, alimkuta jikoni asubuhi akamkagua.

"Dad, you've missed a bit. Like, half your face."

"Mama yako anasema nini huko juu?"

"She's drawing a pineapple with wings. Just say sorry to her."

"Sorry ya nini?"

"I don't know. Whatever it is."

Kama jambo lingeishia kwenye nyumba hiyo moja, pasingekuwa na hadithi. Lakini Orpha aliwasimulia akina mama wenzake, na kipya kinyemi ingawa kidonda. Mama Francine, mke wa Pasta Arsène, hakuwa ameonyeshwa chochote mbinguni wala hajui kushika sindano, ila pakiwa na jambo la kuongoza hawezi kulala mpaka aliongoze. Haukupita muda wanaume wa kanisa wakaanza kuonekana wakinunua shuka za mtu mmoja. Pasta mwenyewe, ambaye kwake kochi ni la watu wawili, alilala akiwa amekunja magoti hadi kidevuni, na Jumapili alihubiri kuhusu Yona ndani ya samaki kwa hisia ambazo hakuwahi kuwa nazo kabla.

Zawadi nazo zikatoka. Orpha alikata mioyo ya karatasi, akachora, akaandika alichoambiwa, akagawa. Djo alipata moyo wenye ngoma na nyota. Mama Francine alipata taji, akasema ni dogo. Immaculée alipata mti wenye vitabu badala ya matunda, akaubandika nyuma ya simu yake. Hata Sukhdev alipata: kiti chenye mabawa, na miguu yake imechongwa vizuri kabisa. Alimwonyesha kila aliyepita barabarani.

Athanase hakupata. Siku za kwanza alijifanya hajali. Baadaye akaanza kuinua sahani kabla ya kula ili aone kama kuna karatasi chini yake. Alitazama ndani ya viatu. Alitazama ndani ya mkoba wa chakula cha kazini, akakuta mkate na yai. Ilimuuma kuliko kochi. Mtu unaweza kuvumilia kunyimwa kitanda, lakini mbingu nzima kukumbuka dereva wa vifurushi na jirani asiye wa kanisa lako, halafu ikusahau wewe uliyemtolea mchoraji mahari, hilo ni jambo zito.

"Jirani, wewe mbingu ilikuandikia nini?" Sukhdev alimuuliza kutoka upande wa pili wa uzio wa bustani.

"Yangu iko njiani."

"Sawa. Posta siku hizi ni pole pole." Sukhdev aliegemea uzio, akashusha sauti. "Lakini niambie bwana, unajua hao Washeka siku hizi wamebaki wangapi? Niliuliza yule mlinzi. Ni wa kuhesabu na vidole."

"Juu ya nini? Balikufa na ugonjwa?"

Sukhdev alielekeza kidole chini, kisha juu. "Bwana Athanase, wanaume chini, wanawake juu. Wewe fikiria tu."

*

Sasa nisikufiche. Orpha hakumsahau. Athanase ndiye mtu wa kwanza aliyemfikiria, na ndiyo maana akawa wa mwisho kuchorewa. Alikata moyo mmoja akauchana, akakata mwingine akauchana. Kwa Djo ilitosha kuchora ngoma, lakini utamchorea nini mtu uliyelala naye chini ya hema moja la kambi, mvua ikivuja, akakupa upande mkavu? Karatasi ilikuwa nyepesi mno kwake. Tena, usiseme nimesema, kitanda kilikuwa kimeanza kuwa kipana. Makaratasi hayakoromi, lakini hayana joto.

Basi akairudia sindano. Alichukua uzi mnene mwekundu, akadarizi kitambaa kidogo chenye mzabibu pembeni na maneno mawili katikati, herufi kubwa zilizotuna, moja moja, kwa upendo na kwa hasira kidogo. Akakipiga wanga mpaka kikalia kama bati. Mchana Athanase akiwa kazini, alitoa kitambaa cha ua kwenye mkono wa kochi, pale mumewe anapolaza kichwa, akaweka kile kipya. Akapanda juu, akajipaka mafuta, akaondoa makaratasi upande wa pili wa kitanda. Akangoja.

Alimsikia akiingia. Akasikia sahani ya ugali, taarifa ya habari, kiatu kimoja, kiatu cha pili. Akaketi vizuri. Halafu akasikia kukoroma.

Kumbe mtu anaweza kulala fofofo juu ya zawadi yake mwenyewe. Athanase hakukisoma kile kitambaa kwa sababu hajawahi kusoma kitambaa chochote tangu aoe. Vitambaa vilikuwa vya kochi, kama nyasi zilivyo za ardhi. Lakini Orpha hakuwaza hivyo. Aliwaza: amesoma, amekataa. Siku ya pili akangoja tena, na ya tatu, na moyo wake ukawa mgumu kama wanga wake. Chini, mwenzake alijigeuza juu ya maneno yale akisikitika kwamba mkewe hamkumbuki hata kwa mstari mmoja. Walijionea huruma, kila mmoja ghorofa yake.

Jumamosi Mama Francine alipiga simu, na sauti yake haihitaji simu. Athanase aliisikia akiwa jikoni.

"Mama Orpha! Kesho njo siku. Bamama bote tunaapa mbele ya madhabahu. Mwaka muzima kama bale bamama ya Moseley! Wewe ulianzisha, wewe utaapa wa kwanza!"

Orpha alimtazama mumewe kupitia mlangoni. Alikuwa ameshika mwiko, nusu ya uso imenyolewa. "Sawa, Mama Pasta," akasema polepole. "Nitaapa."

Simu ilipokatika Athanase alisogea mlangoni. "Mwaka muzima?"

"Ulisikia."

"Na mimi?"

"Wewe uliulizwa, ukanyamaza."

"Niliulizwa na nani? Orpha, mi siulizwe kitu! Batu bote banapata zawadi, hata Singh! Mimi nilikukosea nini, vraiment?"

Orpha alimkazia macho aone kama anamdhihaki. Alipoona hadhihaki, ndipo alipokasirika kweli, maana alielewa kwamba hakukataa, hakutazama tu. Aliokota kikapu cha nyuzi akapanda ngazi, na Athanase akabaki na mwiko wake, akaunguza maharage.

*

Kesho yake alichelewa kuamka. Orpha na Immaculée walikuwa wametangulia. Alivaa koti kwenye ngazi ya nje, akakimbia barabara kuu ya Erdington hadi ukumbi wa shule ya msingi ambao kanisa hukodi kila Jumapili, akasukuma mlango wakati Pasta Arsène anasema, "Tunyamaze sasa mbele ya Bwana."

Wakanyamaza. Halafu mtoto mmoja akauliza, "Mummy, what's that man got on his face?"

Pasta akatazama. Akashuka jukwaani, akamshika Athanase kidevu, akamgeuza kwenye mwanga wa dirisha. Shavu la kulia, kuanzia jichoni hadi kwenye taya, lilikuwa limejaa herufi. Zilikuwa nene, zimepangwa vizuri, zimezungukwa na mzabibu, na hakuna lugha iliyoandikwa namna ile.

"Haleluya," Pasta alisema, kwa sauti ndogo kwanza. Kisha kubwa. "Haleluya! Wapendwa, hii si Kiswahili! Hii si Kifaransa! Mama Orpha, si ulituambia bale bamama balipata maandishi ya mbinguni, yenye hakuna mutu anaweza kusoma? Yamefika Erdington!"

Ukumbi ukalipuka. Watu walipanda juu ya viti vidogo vya watoto ili waone. Mpiga kinanda alipiga nyimbo mbili kwa wakati mmoja. Djo alijishika paji la uso kwa wivu, akajaribu kukumbuka kama tausi wake naye alikuwa anasema kitu. Athanase mwenyewe alianza kwa kuogopa, lakini mtu asiyepata hata karatasi chini ya sahani, siku anapoambiwa ameandikwa na malaika, hawezi kukataa haraka. Alinyoosha mgongo. Aligeuza shavu ili upande wa akina mama nao waone.

"Nani atatafsiri?" Pasta aliuliza.

"Mimi," Mama Francine akasema, alikuwa ameshafika. Aliinama, akaweka kidole shavuni, akakisogeza. "Hii sijue. Hii sijue. Lakini munaona hizi zenye kufanana na U? Moja, mbili... Ni tatu! Bamama, mbingu imesema. Si mwaka mmoja. Ni miaka mitatu!"

Upande wa wanaume palitoka mlio ambao si wa lugha yoyote. Jamaa wa Goma aliketi chini. Pasta alimtazama mkewe, akalikumbuka kochi lake la watu wawili, na imani yake ikapungua machoni pa watu. "Mama Pasta," akasema, "tuangalie tena vizuri. Labda ni miezi."

Ni Orpha peke yake ambaye hakuwa amesogea. Alikuwa mbele kabisa, tayari kwa kiapo, na kutoka pale aliona shavu la mumewe, akajua. Mtu anayedarizi anaujua upande wa nyuma wa kitambaa kama anavyoujua wa mbele. Maneno yaliyogeuka si mageni kwake. Alizitazama herufi zake mwenyewe, uzi kwa uzi, zikitembezwa kanisani juu ya uso wa mwanamume asiyezisoma, na watu wazima wakizipigia magoti. Kicheko kilimpanda kutoka tumboni. Alijaribu kukizuia kwa kitambaa cha mkono, kikatokea puani. Akainama, mabega yakaanza kumtikisika, kilemba kikaanguka.

"Roho amemshukia!" mtu akapiga kelele. "Anatikisika! Ni Msheka kamili!"

"Tafsiri, Mama Orpha!" Pasta alimsihi. Alikuwa anasihi kwa niaba ya wanaume wote. "Wewe uko chombo. Sema, ni miaka ngapi?"

Orpha alijifuta macho. Alimtazama Athanase, na kicheko kikaisha, maana lile shavu lenye ndevu zilizosahaulika lilimtia huruma. "Zawadi haisomewi mwenyewe," akasema. "Iko yake. Asome yeye."

"Nitasoma aje uso yangu?" Athanase akauliza.

"Hapo sasa," Orpha akasema.

Athanase alifikiri. Unaweza kuona mtu akifikiri. Alisimama mdomo wazi, mkono shavuni. Halafu akageuka, akatoka mbio kuelekea vyoo.

Ilikuwa shule ya watoto wadogo. Masinki yalikuwa usawa wa magoti yake na vioo vilikuwa juu kidogo tu ya masinki. Ikambidi apige magoti kwenye vigae, ashike bomba, alete shavu mbele ya kioo. Chapa ilikuwa imeanza kufutika, mzabibu ulishaondoka nusu. Lakini ndani ya kioo zile herufi zilijigeuza zikakaa sawa, zikawa Kiswahili tu, tena cha nyumbani kwake.

RUDI JUU.

Alisoma mara ya kwanza hakuelewa. Mara ya pili aliona mwandiko. Alikumbuka mkono wa kochi, na siku zote alizolaza kichwa pale akilalamika kwamba hajaandikiwa. Aibu ilimshika, ikafuatwa na furaha, ikafuatwa na aibu kubwa zaidi, na akabaki amepiga magoti mbele ya sinki la mtoto hadi zile herufi zikaisha kabisa.

Aliporudi ukumbini akina mama walikuwa wamepanga mstari, na Mama Francine ameshainua mkono wa Orpha kwa ajili ya kiapo.

"Mama Immaculée," Athanase alisema kutoka mlangoni, na sauti haikuwa ya nabii. "Nimesoma."

Orpha alishusha mkono. Akachukua mkoba wake, akatoka kwenye mstari.

"Imesema nini?" Mama Francine aliuliza. "Papa Athanase! Miaka tatu, ao nilikosea?"

"Ni mambo ya nyumba," Athanase akajibu.

Wanaume walitazamana. Djo ndiye aliyeanza kukimbia, wengine wakamfuata, wakajazana chooni wakipiga magoti mbele ya vile vioo, wakivuta mashavu yao huku na huku. Djo alirudi wa kwanza, amenyong'onyea. "Yangu ni tausi tu," akasema. Lakini mkewe, aliyekuwa kwenye mstari, alimwona jinsi alivyopiga mbio, naye akatoka mstarini. Wa tatu akatoka. Mama Francine aligeuka nyuma akakuta anaongoza watu wawili na mtoto wa kubeba, akatangaza kwamba kiapo kimeahirishwa kwa sababu ya hali ya hewa. Pasta alisema amina kabla hajamaliza.

*

Nyumbani Orpha alipanda juu moja kwa moja. Immaculée aliweka simu yake sikioni, akatangaza kwamba anaenda kwa jirani kula chapati na hatarudi karibuni.

Athanase alisimama mbele ya ngazi. Aliinua mguu, akaushusha. Akarudi sebuleni, akawasha taa zote ingawa ulikuwa mchana, akainama juu ya kochi. Alianza na kile cha kichwani kwake. Halafu akaenda kwenye cha mgongoni, ambacho kwa miaka yote alidhani ni majani: kumbe yalikuwa majina ya watu waliobaki Uvira, moja ndani ya kila jani, na la mama yake lilikuwa la kwanza. Cha kwenye televisheni kilisema Tumefika Wote. Cha kwenye mikrowevu kilimshukuru Mungu kwa mikrowevu. Kwenye meza ndogo alikuwapo njiwa mwenye macho mazuri, na chini ya njiwa palikuwa na mstari ambao duara la kikombe chake cha chai lilipita katikati yake. Alilamba kidole akasugua, halikutoka. Ilibidi asome kupitia doa: Papa Immaculée, pole na kazi.

Aliketi sakafuni. Hakulia sana, lakini alilia. Kisha akakichukua kikombe chake kilichokuwa bado pembeni mwa njiwa tangu jana, akakipeleka jikoni, akakiosha, akakitundika.

Ngazi ililia alipoipanda, kila kidato kwa sauti yake. Mlango ulikuwa wazi, na upande wake wa kitanda haukuwa na karatasi hata moja.

"Umekawia," Orpha alisema, bila kugeuka.

"Nilikuwa nasoma."